Deni la Serikali na Ada Yako ya Kutuma Pesa: Nani Hasa Anajali?

Kila bajeti ikisomwa mwezi wa Juni, tunasikia matrilioni yakitajwa. Wengi wetu tunatikisa kichwa na kuendelea na shughuli zetu. Lakini je, wenye pesa na wanasiasa wenyewe wanajali deni la taifa, ama ni maneno tu? Jibu fupi: wanajali, lakini si kila siku, na si kwa sababu moja.

Kwanza, nakisi ni nini?

Serikali ikitumia pesa nyingi kuliko inazokusanya kwa mwaka, pengo hilo linaitwa nakisi. Pengo linazibwa kwa kukopa. Mikopo ya miaka mingi ikirundikana, hilo ndilo deni la taifa. Ni kama kukopa kwa simu kila mwisho wa mwezi ili ufikishe mshahara ujao: nakisi ni ulichopungukiwa mwezi huu, deni ni jumla ya yote unayodaiwa.

Mwekezaji anaangalia nini?

Haangalii ukubwa wa deni peke yake. Japani inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato lake la mwaka, na bado imekopeshwa kwa riba ndogo kwa miaka mingi. Sababu moja ni kwamba inakopa kwa yeni, sarafu yake yenyewe, na sehemu kubwa inakopa kwa watu na taasisi za huko huko.

Sasa angalia Kenya. Mwaka 2014 tulikopa dola bilioni 2 kwa bondi ya kulipwa Juni 2024. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 90, yaani deni la kama shilingi bilioni 180. Kufikia Januari 2024, dola ilikuwa imevuka shilingi 160. Dola ni zile zile bilioni 2, lakini sasa ni zaidi ya shilingi bilioni 320! Hatukuongeza hata senti moja kwenye bondi hiyo. Ni shilingi iliyoshuka.

Hapo ndipo wawekezaji walipoingiwa na wasiwasi: Kenya itatoa wapi dola? Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kulipa sehemu kubwa ya bondi ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Mpya ilikuwa asilimia 9.75. Hofu ilipopungua, shilingi ikapata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130.

Kwa hivyo mwekezaji anauliza maswali matatu: utalipa lini, kwa sarafu gani, na pesa itatoka wapi? Majibu yakimtia shaka, hakimbii lazima. Mara nyingi anadai riba kubwa zaidi.

Na mwanasiasa?

Mwanasiasa hukopa leo, na mara nyingi anayelipa ni mwingine atakayekuja baadaye. Ndiyo maana kikomo cha deni hakikutuzuia sana. Kilipandishwa hadi shilingi trilioni 9 mwaka 2019, kikafika trilioni 10 mwaka 2022, kisha 2023 kikabadilishwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Anaanza kujali sana malipo yanapoangukia kipindi chake. Hapo anahitaji kodi, na kodi ina kura ndani yake. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulizua maandamano makubwa, watu wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia sahihi siku moja baada ya bunge kuupitisha.

Mbona hii inakuhusu?

Kwanza, ada. Julai 2023 ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Mswada wa 2024 ulitaka uwe asilimia 20. Ushuru huu unatozwa kwenye ada, si kwenye pesa unayotuma. Kwa ada ya shilingi 20 kabla ya ushuru, asilimia 15 ni shilingi 3, na asilimia 20 ni shilingi 4. Ni kidogo, lakini kwa anayetuma mara kumi kwa siku, inaongezeka.

Pili, mkopo wako. Mapema 2024 bondi moja ya miundombinu ililipa zaidi ya asilimia 18. Benki ikiweza kupata riba hiyo kwa serikali, mbona ikukopeshe wewe kwa bei nafuu?

Tatu, wewe pia unaweza kuwa mwekezaji. Kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, unaweza kununua bondi za kawaida kuanzia shilingi 50,000 ukitumia simu. Kabla ya kuweka pesa, uliza maswali yale yale matatu, na moja zaidi: je, naweza kukaa bila pesa hii hadi bondi iive? Kama ni pesa ya karo ya muhula ujao, iache mahali unapoweza kuitoa haraka.

Bajeti ijayo ikisomwa, usisikilize jumla ya deni tu. Sikiliza nakisi ni kiasi gani, na itazibwa kwa mkopo ama kwa kodi. Hapo utajua kama wa kulipa ni wewe wa leo, ama wewe wa kesho.