Kumetameta Si Kung'aa

Wahakiki wenzangu wengi, wakikuta mshairi kasema macho ya mpenzi yanametameta, huandika haraka kwamba yanang'aa, halafu wanakwenda zao kwenye vina na mizani. Hapo ndipo ninapogomba nao, maana ubeti mzima unaweza kupotelea hapo.

Kitenzi -meta ni kutoa mwanga. Kikiradidiwa kikawa -metameta, mwanga huo hukatika na kurudi, hukatika na kurudi. Uradidi unafanya kazi ileile tunayoiona katika rukaruka na katakata: tendo limegawanyika vipandevipande. Kung'aa hakuna mkatiko. Bati jipya linang'aa. Kwenye magazeti ya michezo timu "yang'ara", haijapata kumetameta. Ingemetameta ingekuwa inashinda leo, kesho inafungwa.

Sisi wa Kasesya, mpakani na Zambia, ushahidi tunao kila usiku wa kiangazi. (Wengi wetu Kiswahili tumekikuta shuleni, baada ya Kifipa, Kimambwe au Kilungu, na kijiweni utasikia tu nyota "zinawakawaka". Sawa, hata hilo ni neno radidi!) Zuhura imetulia, inang'aa. Nyota zilizo mbali mno zinametameta, kwa sababu nuru yao hutufikia kama nukta na kuyumbishwa na hewa isiyotulia. Lugha iliiona tofauti hiyo bila darubini. Alfajiri, umande kwenye majani ya mahindi nao unametameta: sogea hatua moja, tone hili linazimika, lile linawaka.

Sasa turudi kwa yale macho. Yanayong'aa ni ya mtu mwenye afya yake. Yanayometameta yana kitu kinachocheza ndani: pengine machozi, pengine hila, pengine furaha inayofichwa. Mshairi kaiacha shaka hiyo makusudi. Mhakiki anapoandika "yanang'aa" kaifuta.

Meremeta ni ndugu yao, ila yeye kaolewa na sherehe. Bibi harusi anameremeta. Humo mna mapambo na sifa. Si ajabu jina hilo lilipewa kampuni ya dhahabu miaka ya 1990, ambayo baadaye ilizua maswali mazito bungeni. Mpenda kejeli hana haja ya kwenda mbali.

Na wewe mwandishi chipukizi, usilikate neno ili mizani itimie. Kimetameta ni kimulimuli, yule mdudu wa usiku. Kimeta, mbele ya mfugaji, ni ugonjwa unaoua ng'ombe.