Betri Inasingiziwa

Je, wajua kwamba betri ya pikipiki inaweza kuuawa na kikasha kisichozidi kiganja? Kwenye barabara ya Sake, pale Mugunga mjini Goma, motari akisukuma piki yake taa zimekufa, hukumu ya fundi huwa tayari: nunua betri. Inawekwa mpya, na haichukui muda nayo inavimba, tindikali ikitoka povu juu. Anauziwa nyingine. Muuaji hajaguswa.

Kikasha hicho ni rektifaya, chenye kazi mbili. Dayodi zake huchukua umeme wa sitata, yaani koili zinazozalisha umeme sumaku ya injini ikizunguka. Umeme huo unakwenda na kurudi; dayodi huuchukua na kuulazimisha uende upande mmoja, maana betri haipokei mwingine. Kazi ya pili ndiyo ya ajabu. Sumaku ya injini haizimiki: injini ikizunguka kwa kasi, volti zinapanda nayo, hata kufika makumi. Betri ya volti 12 inataka kuchajiwa kwa volti kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ziada iende wapi? Rektifaya ya kawaida haiizuii. Thairista zake, yaani swichi za kielektroniki, zinaunganisha nyaya za sitata zenyewe kwa zenyewe, mkondo unazunguka bure na kuishia kuwa joto. Mapezi ya alumini yaliyo juu ya kikasha hayakuwekwa kwa urembo. Na kwenye piki ambayo taa zake zinakula betri, motari anayezima taa mchana ili "kuhifadhi umeme" anaibebesha rektifaya mzigo zaidi.

Mapezi yanataka upepo. Huku kwetu yanapata vumbi la lava, mvua inalilowesha, jua linalikausha kama plasta. Wengine wanahamishia kikasha chini ya kiti kisilowe, na hapo ndipo kinapopikwa vizuri. Mtikisiko wa mawe unalegeza plagi, plagi iliyolegea inapata moto, plastiki inayeyuka. Rektifaya ikiharibika, ama ziada inaingia kwenye betri na kuivimbisha, ama betri haichajiwi.

Kubadilisha rektifaya ni bolti mbili na plagi. Ila kipya kikichomekwa kwenye plagi iliyoungua, kitakufa kama cha kwanza. Kata ncha za waya zilizogeuka nyeusi, uweke mpya. Sugua kwa msasa mahali waya wa bodi unapofungwa, hasa kwenye piki kuukuu, mpaka chuma king'ae. Kisha weka mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6; ukiwasha injini na kuvuta mafuta, ipite 13 na isivuke 15. Isipopanda, pima sitata kabla ya kununua chochote. Na usichomoe betri injini ikiwaka, balbu zinaweza kuungua.

Kinachoniudhi zaidi ni hizo betri zinazotupwa. Zina risasi, na tindikali yake humwagwa pembeni mwa gereji, juu ya lava. Mawe haya hayashiki kitu. Kinachomwagwa kinazama, na Ziwa Kivu, linalonywesha Goma, haliko mbali. Betri zinaharibiwa bure, sumu tunabaki nayo.

Rektifaya iliyokufa haitengenezeki, imejazwa gundi ngumu ndani.

Motari, kabla hujalipia betri ya pili, mwambie fundi akuoneshe mita inasoma ngapi. Akikuambia mita hana, tafuta fundi mwingine.