Bata Bukini kwa Mabaki ya Fundi: Kukata na Kushona kwa Kipimo



Kila fundi cherehani ana kiroba cha vipande chini ya meza yake. Humo mna ncha za vitenge, mabaki ya khanga, na pembe za vitambaa vya kanzu na sare za shule. Vingi hutupwa au huchomwa moto, na hali ya kuwa mwenye nguo alikwisha kuvilipia. Upande wa pili, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wako watoto wetu wanaokuja darasani na juzuu mkononi, jua liwake au mvua inyeshe. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuyakutanisha mambo haya mawili, yaani mabaki ya fundi na mfuko wa juzuu. Tutatumia pambo moja la vipande lenye asili ya Marekani, na ndani yake tutajifunza jambo linalohitajika katika kila ushonaji: kushika kipimo.

PAMBO HILI NI LIPI?

Wamarekani wana desturi ya zamani ya kushona mifarishi, yaani vifuniko vya kitanda vya tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Wengi walishona kwa kuwa kitambaa kilikuwa haba. Wanawake Weusi wa kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, walitumia hata suruali kuukuu za shambani. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Basi tusidharau kiraka.

Miongoni mwa mapambo ya mifarishi ya Kimarekani limo moja liitwalo "bata bukini warukao". Bata hao huruka kwa safu kuelekea kusini kabla ya majira ya baridi. Kipande kimoja cha pambo hili ni mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo chake. Katikati imo pembetatu kubwa, naye ndiye bata. Ubavuni zimo pembetatu ndogo mbili, nazo ndizo mbingu. Ukipanga vipande kimoja juu ya kingine, unaona safu ya ndege wote wakielekea upande mmoja.

KWA NINI KIPIMO KINA UZITO

Tuseme unashona safu ya bata 12, kila mmoja kimo chake inchi 2. Safu nzima inatakiwa iwe inchi 24. Vipande 12 vina mishono 11 ya kuviunganisha. Ikiwa kila mshono umekula milimita 1 zaidi kwa kila upande, umepoteza milimita 2 kwa mshono mmoja, na milimita 22 kwa safu nzima. Hiyo inakaribia inchi moja! Safu ya pili ukiishona sawasawa, hazitakutana tena. Mtu ataivuta moja ili zilingane, kitambaa kitajikunja, na ncha za bata zitamezwa na mshono. Milimita moja haionekani kwa urahisi, lakini ishirini na mbili zikijumlika kila mtu huziona.

KUCHAGUA NA KUANDAA VIPANDE

Chagueni pamba tupu, kama khanga na vitenge vya pamba. Vitambaa vinavyovutika au vinavyoteleza viacheni kwanza. Vipande vipya vifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba husinyaa na rangi nyingine hutoka. Vikikauka, vipigwe pasi vinyooke. Rangi iliyokoza iwe ya bata, na iliyofifia iwe ya mbingu. Zikilingana, bata hataonekana.

Tazameni pia nyuzi. Kitambaa kina mtande unaokwenda kwa urefu na mshindio unaoukingama. Ukikivuta kufuata nyuzi hizo, hakivutiki sana. Ukikivuta kwa mshazari, yaani hanamu, kinarefuka. Kwa hiyo kila mraba ukatwe kingo zake zikifuata nyuzi.

VIPIMO

Tutashona bata wanne, kila mmoja akiisha kushonwa awe inchi 2 kwa 4. Nafasi ya mshono ni robo inchi kila upande. Kateni:

Mraba 1 wa bata, inchi 5 na robo kila upande.
Miraba 4 ya mbingu, inchi 2 na 7/8 kila upande. Kwenye futi ya fundi, hiyo ni thumuni moja kabla ya kufika inchi 3.

Ukitaka ukubwa mwingine, kanuni ni hii: kwa mraba wa bata, chukua upana wa bata aliyekamilika uongeze inchi 1 na robo. Kwa miraba ya mbingu, chukua kimo chake uongeze 7/8 ya inchi. Mfano, bata wa inchi 3 kwa 6 anahitaji mraba wa inchi 7 na robo, na miraba minne ya inchi 3 na 7/8. Nyongeza hii ni kubwa kuliko robo mbili za kawaida kwa sababu miraba itakatwa kwa mshazari, na mshono wa mshazari hula kitambaa kingi zaidi penye pembe.

Chora kila mraba kwenye kadibodi ngumu, kwa rula na penseli iliyochongwa, uukate uwe kielelezo. Kisha pima vipande vyote kwa kielelezo hicho hicho. Usikate kipande cha pili kwa kufuatisha cha kwanza, wala cha tatu kwa kufuatisha cha pili, maana kosa dogo litakua kila mara.

KUJARIBU MSHONO

Kabla ya kushona, pima robo inchi kutoka ncha ya sindano ya cherehani kwenda kulia, ubandike hapo utepe wa gundi. Ukingo wa kitambaa uende sambamba na utepe. Kisha ujaribu: kata vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi 1 na nusu, uviunge, upige pasi. Cha katikati kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza utepe kidogo sana kuelekea sindano, ujaribu tena. Mara nyingi robo inchi ya kufaa ni robo kasoro uzi mmoja, kwa kuwa mkunjo wa kitambaa nao unakula nafasi.

KUSHONA

1. Kwenye mgongo wa kila mraba mdogo, chora mstari kutoka pembe hadi pembe.

2. Laza mraba mkubwa uso ukiwa juu. Weka miraba midogo miwili kwenye pembe zake mbili zinazotazamana, uso kwa uso, mistari ikiungana kuwa mmoja. Katikati itapandana kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Bana kwa pini.

3. Shona robo inchi upande huu wa mstari, na robo inchi upande wa pili. Kisha kata juu ya mstari wenyewe. Utapata vipande viwili.

4. Fungua pembetatu ndogo kwa nje na upige pasi. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe, kwa sababu hapa mshono ni wa mshazari na utarefuka. Kila kipande kitafanana na moyo.

5. Kwenye pembe ya rangi ya bata iliyobaki, weka mraba mdogo mmoja, uso kwa uso, mstari ukitoka pembeni kupita kati ya zile pembetatu mbili. Shona pande mbili za mstari, kata juu yake, piga pasi. Fanya hivyo kwa kipande cha pili pia.

Sasa unao bata wanne, na kilichotupwa ni vincha tu. Kila mmoja apimwe: awe inchi 2 na nusu kwa 4 na nusu, na ncha yake iwe robo inchi chini ya ukingo wa juu. Robo hiyo usiipunguze hata kidogo, maana ndiyo itakayoingia katika mshono unaofuata na kuiacha ncha kali.

Kama mabaki yenu ni membamba na hayatoi mraba mkubwa, kata mstatili wa bata wa inchi 2 na nusu kwa 4 na nusu, na miraba miwili ya mbingu ya inchi 2 na nusu. Shona mraba mmoja pembeni juu ya mstari wa mshazari, kata pembe ya nje ukiacha robo inchi, fungua, kisha fanya upande wa pili. Njia hii hupoteza pembe mbili kwa kila bata, lakini hutumia vipande ambavyo vingetupwa kabisa.

KUMALIZIA MFUKO

Unganisha bata wanne kwa kufuatana, upate utepe wa inchi 4 na nusu kwa 8 na nusu. Ongeza ubavuni vipande viwili vya upana wa inchi 3 na nusu, kisha juu na chini vipande viwili vya inchi 2 na nusu kwa 10 na nusu. Huo ni uso wa mfuko. Nyuma weka kitambaa kizima cha kipimo hicho hicho, shona pande tatu, pinda mdomo, tia mikanda. Juzuu itaingia vizuri pamoja na daftari.

Wazazi tunawaomba msimamie kazi ya pasi na mkasi kwa wadogo. Nanyi wanafunzi, msione haya kufumua mshono uliokwenda upande. Kufumua mshono mmoja ni kazi ya dakika chache, lakini kufumua mfuko mzima ni kazi ya siku. Mkono uliozoea kupima kiraka utakuja kukata hata kanzu ya watu bila kuiharibu.