NYWELE ZINAPONYONYOKA: JE, NGANO YAWEZA KUWA CHANZO?

Mtu akianza kunyonyoka nywele kijijini, maneno huwa mengi. Huyu atasema amelogwa. Yule atanong'ona kuwa ni UKIMWI. Mgonjwa naye hujifunga kitambaa, akaacha kwenda mkutanoni na hata kisimani. Mtoto huchekwa shuleni mpaka akakataa kwenda. Watu wanasema, lakini chanzo chenyewe hakuna anayekitafuta.

Leo tutaeleza vyanzo vya kunyonyoka nywele. Tutakaa zaidi kwenye kimoja ambacho wengi hatujakisikia. Chanzo hicho kiko tumboni, na kinahusu ngano.

NYWELE ZA KAWAIDA

Kichwa kina nywele kama 100,000. Kila siku mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100, na nyingine huota. Kwa mwezi mmoja nywele hukua kama sentimita 1. Kwa hiyo ukiona nywele chache kwenye kitana, usishtuke.

Lakini zikitoka mafungu, au kichwa kikifanya mabaka, hapo pana jambo.

VYANZO VINAVYOONEKANA SANA

Mapunye. Haya huwapata watoto hasa. Kichwa hutoa magamba, huwasha, na nywele hukatika. Huambukizwa kwa wembe, kitana na kofia. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Mtoto hupewa vidonge vya kumeza, tena kwa wiki kadhaa.

Kusuka kwa kukaza. Nywele za mbele na za pembeni huvutwa mpaka mizizi ikafa.

Homa kali au uzazi. Miezi 2 au 3 baadaye nywele hutoka nyingi, kisha huota zenyewe.

Lishe duni na upungufu wa damu. Mzizi wa nywele ni kama mche wa mahindi. Usipopata mbolea, hunyauka. Mtoto mwenye utapiamlo nywele zake huwa nyepesi, za rangi ya kutu, na hung'oka bila maumivu.

Sasa jiulizeni: je, mtu aweza kula akashiba kila siku, na bado mwili wake ukawa na njaa? Ndiyo, yaweza kutokea.

UGONJWA WA SELIAKI

Akina mama wanaopika chapati wanalijua jambo hili. Unga wa ngano ukiukanda, huvutika kama mpira. Unga wa mahindi hauvutiki hivyo. Kinachouvuta unga wa ngano huitwa gluteni. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai.

Kwa watu wengi gluteni haina neno. Lakini wapo wachache ambao kinga ya mwili wao huiona gluteni kama adui. Kinga ni askari wa mwili. Askari hao wanapopigana na gluteni, huuharibu utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijidole vidogo sana vinavyonyonya chakula na kukipeleka kwenye damu. Vijidole hivyo hufutika, utumbo ukawa laini. Basi mtu anakula, lakini chakula kinapita tu. Huo ndio ugonjwa wa seliaki. Hauambukizwi. Hurithiwa katika ukoo, lakini si kila mtu wa ukoo atakayeupata.

Aliyegundua kuwa ngano ndiyo chanzo ni Daktari Willem Karel Dicke wa Uholanzi. Alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja vita. Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 Uholanzi ilipatwa na njaa kubwa, na mkate ukaadimika. Watu walidhoofika, lakini watoto wenye seliaki wakapata nafuu! Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika kitabu cha utafiti wake.

Usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kuwa walipopima watoto wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa dunia nzima hukadiriwa mtu 1 katika kila 100.

NYWELE ZINAINGIAJE HAPO?

Kuna njia mbili.

Kwanza, njaa ya ndani. Utumbo ulioharibika haunyonyi vizuri madini ya chuma na ya zinki. Damu hupungua, na mizizi ya nywele hukosa chakula chake.

Pili, askari kukosea. Kuna ugonjwa ambao kinga hushambulia mizizi ya nywele. Kichwa hufanya mabaka ya mviringo, laini, yasiyo na magamba. Mtu ambaye askari wake wamekosea mahali pamoja aweza pia kukosewa mahali pengine. Mwaka 1995 madaktari wa Italia walieleza kuwa waliwapima watu 256 wenye mabaka hayo. Waliwakuta 3 wana seliaki. Mgonjwa wao mwingine mwenye mabaka na seliaki, kijana wa miaka 14, aliacha gluteni na nywele zake zikaota tena.

Tufanye hesabu: 256 toa 3 ni 253. Basi wengi wenye mabaka hawana seliaki. Ngano ni chanzo kimoja kinachowezekana. Si chanzo cha kila kipara. Tena kuacha ngano si ahadi kwamba nywele zitaota.

DALILI ZA KUANGALIA

Nywele peke yake hazitoshi. Angalia kama kuna haya pia: kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa, kukonda, uchovu, na mtoto kutokua. Dalili nyingine ni upungufu wa damu usiopona hata baada ya kumeza vidonge vya kuongeza damu. Lakini jamani, kwetu minyoo na malaria ndivyo hupunguza damu zaidi. Hivyo vipimwe kwanza.

UFANYE NINI?

1. Nenda zahanati mapema. Mweleze mganga yote, si habari ya nywele tu.

2. Ukishuku ngano, usiiache kabla ya kupimwa. Ukiiacha, kipimo chaweza kusema huna ugonjwa kumbe unao. Kipimo ni cha damu, na mara nyingi hufuatiwa na kuangalia utumbo. Zahanati itakuandikia uende hospitali kubwa.

3. Ukikutwa na seliaki, hakuna kidonge cha kuiponya. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Yaani chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa na biskuti. Bia ya shayiri nayo uiache.

4. Angalia unga wa uji wa lishe. Mara nyingi huchanganywa na ngano. Na mashine iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani. Usage nafaka yako kabla ya ngano, au mashine isafishwe kwanza.

Habari njema ni kwamba mashamba yetu yana chakula tele kisicho na gluteni. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, maharage na karanga vyote ni salama. Mgonjwa wa Ulaya hununua mkate wa pekee kwa bei kubwa. Wewe ugali wako unao.

Asiye na ugonjwa huu aendelee kula ngano yake. Ni chakula kizuri.

Na jirani yako akinyonyoka nywele, usimtafutie mchawi. Mpeleke akapimwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtu mwenye seliaki hula akashiba na bado akakonda?
2. Kwa nini usiache ngano kabla ya kupimwa?
3. Taja vyakula vitano vya kijijini kwenu visivyo na gluteni.
4. Kijijini kwenu watu husema nini juu ya mtu anayenyonyoka nywele? Mtamsaidiaje?