Kwa nini daktari ashone jicho linaloona?

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa sita mchana, macho yako yanafanya kazi kubwa bila wewe kujua. Mikokoteni inatimua vumbi, bodaboda zinaacha moshi, feni za maduka zinapuliza usoni. Mtu mzima hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, na kila kope inaposhuka hufagia vumbi na kupaka machozi upya, kama waipa ya gari wakati wa mvua.

Sasa mfikirie muuza vitenge aliyeamka asubuhi akakuta uso umekwenda upande. Mdomo umevutwa, chai inamwagika pembeni, na jicho moja halifumbi. Jirani wa duka atamwambia amepigwa na upepo mbaya. Mwingine atasema ni jini, wa tatu atasema ni stroku. Wote wataangalia mdomo, kwa sababu ndio unaotia aibu mbele ya wateja. Jicho linasahaulika, wakati ndilo lenye hatari kubwa zaidi: mdomo unaweza kusubiri wiki kadhaa, lakini jicho lisilofumba linaweza kupata kidonda ndani ya siku chache.

Akichelewa, au hali ikiwa mbaya tangu mwanzo, kuna maneno anayoweza kuyasikia kwa daktari wa macho ambayo humshtua karibu kila mgonjwa: "Inabidi tushone kope zako." Kitaalamu upasuaji huo huitwa tasorafi. Wengi hudhani maana yake ni kwamba jicho limeshindikana na linafungwa moja kwa moja. Ukweli ni kinyume chake. Linashonwa kwa sababu bado linaona.

Kioo kisicho na damu

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ile iliyo wazi kama kioo juu ya sehemu nyeusi, huitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, na ndiyo maana inapitisha mwanga. Oksijeni huipata kutoka hewani, kupitia utando wa machozi. Utando huo ukikauka, ngozi ya juu ya konea huchubuka, na vijidudu hupata mlango. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kisipodhibitiwa konea inaweza kutoboka.

Kovu hilo haliondoki kwa matone. Dawa yake mara nyingi ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki, na hapo foleni ni ndefu dunia nzima: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa konea inayopatikana ni 1 kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Ukilinganisha na hilo, nyuzi mbili tatu pembeni mwa jicho ni gharama ndogo sana.

Kwa nini jicho lililopooza halilegei likafunga?

Watu wengi hutegemea kwamba kitu kilichopooza kitaanguka. Kwa kope ni tofauti, kwa sababu msuli wa kufungua jicho na msuli wa kulifunga hutumikiwa na mishipa tofauti ya fahamu. Unaofunga hutumikiwa na mshipa wa saba, unaopita ndani ya mfupa karibu na sikio kabla ya kusambaa usoni. Mshipa huo ukipooza, msuli wa kufungua unabaki na nguvu zake zote bila wa kushindana naye. Jicho linakaa wazi, mchana na usiku.

Hapo pia ndipo pa kutofautisha na stroku. Kwa kawaida aliyepata kiharusi bado anaweza kukunja paji la uso na kufumba jicho hata kama mdomo umepinda. Aliyepooza mshipa wa saba hawezi. Lakini usijipime mwenyewe dukani ukaridhika. Uso uliopinda ghafla ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Aina inayojulikana zaidi imepewa jina la daktari wa Uskoti, Charles Bell. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 hupona kabisa hata bila dawa, na vidonge vya steroidi vikianza ndani ya saa 72 huongeza nafasi hiyo. Tatizo ni kwamba kupona huchukua wiki, pengine miezi, na konea haina subira hiyo. Mshipa wa saba huweza pia kuharibiwa na ajali ya pikipiki iliyovunja mfupa wa sikio, na sikio lililotoa usaha miaka mingi, au na uvimbe. Mkanda wa jeshi unaotokea kwenye paji la uso una hila yake: jicho linafumba vizuri, lakini konea inakufa ganzi. Mchanga ukiingia, mwenyewe hahisi.

Ugonjwa unaoweza kuleta yote mawili kwa pamoja ni ukoma. Vijidudu vyake hushambulia mishipa ya fahamu, hivyo jicho halifumbi na wala halina hisia. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ilifikia kiwango cha kimataifa cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Dawa zake hutolewa bure. Ila dawa huua vijidudu. Haziwezi kila mara kurudisha mshipa uliokwisha kufa. Mtu anaweza kuwa amepona ukoma miaka 20 iliyopita, haambukizi mtu yeyote, na bado analala jicho wazi.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Kushona si hatua ya kwanza. Daktari huanza na machozi ya bandia mchana, marhamu mazito usiku, na plasta ya kufunga kope wakati wa kulala. (Angalizo: pamba au bandeji iliyowekwa juu ya jicho lililo wazi hukwaruza konea. Kope ifungwe kwanza.) Hayo yasipotosha, au konea ikiwa imeshaanza kuchubuka, ndipo sindano na uzi.

Kwa mtu mzima hufanyika kwa sindano ya ganzi tu, na kwa kawaida hakuchukui hata saa moja. Kama mshipa unatarajiwa kupona, kope hushonwa kwa muda, nyuzi zikipitishwa kwenye vipande vidogo vya mpira ili zisikate ngozi. Kama hakuna matarajio hayo, daktari huchuna kidogo kingo za kope ya juu na ya chini, kisha huzishona ili zishikane zenyewe kama ngozi inayopona. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi.

Mara nyingi kinachoshonwa ni theluthi ya nje tu, upande wa sikio. Katikati panabaki wazi. Mgonjwa anaona, na daktari anaweza kuchungulia konea na kuweka dawa. Mshipa ukifufuka, kope hufunguliwa tena kwa ganzi ile ile, ingawa kingo zinaweza kubaki na alama.

Kuna cha kupoteza, na si haki kumficha mgonjwa. Jicho litaonekana dogo kuliko jingine. Uoni wa pembeni utapungua upande huo, na kwa anayevuka Mtaa wa Msimbazi kila siku hilo si jambo dogo: itabidi ageuze kichwa kizima. Kwa wengine kuna njia mbadala, kama kuweka kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kope ya juu ili uzito uishushe. Waliougua ukoma wamewahi pia kuhamishiwa sehemu ya msuli wa kutafunia hadi kwenye kope, na mgonjwa hufundishwa kuuma meno kila anapotaka kufumba jicho. Muulize daktari kama mojawapo inakufaa na inapatikana.

Kwa mtu wa Kariakoo, Muhimbili iko Upanga, si mbali, na CCBRT iko Msasani. Kinachochelewesha wengi ni vituo vya njiani. Utafiti wa mwaka 1994 kuhusu vidonda vya konea Tanzania ulihusisha takriban robo yake na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Matone ya steroidi yanayonunuliwa bila cheti yana hatari yake pia: wekundu unapungua huku kidonda kinazidi kuchimba.

Kama uso wako umepooza, mwombe mtu wa nyumbani akuangalie kwa tochi ya simu ukiwa umelala. Akiona weupe wa jicho katikati ya kope, nenda asubuhi hiyo, kabla ya kufungua duka.