Usanifu Kama Fani ya Shahada ya Kwanza: Mifano kutoka Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Kijana wa Masisi au wa Walikale anapofaulu Mtihani wa Taifa na kutangaza nyumbani kwamba anataka kusomea design katika chuo kikuu, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Miaka yote hiyo, unaenda kujifunza kuchora?" Swali hili si la dharau. Mzazi anayeuza maharagwe yake ili apate karo ana haki ya kujua mwanawe atarudi na nini. Hata hivyo, swali lenyewe limejengwa juu ya neno lisiloeleweka sawasawa, na kosa la neno hapa huzaa kosa la uamuzi. Wapo wanaozuiwa kuifuata fani hii kwa sababu inadhaniwa kuwa mchezo wa kalamu na rangi. Wapo pia wanaoingia kwa dhana hiyo hiyo, kisha wakashangaa kudaiwa hesabu, vipimo na utafiti.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: maana ya fani hii na jina linaloifaa kwa Kiswahili, yale yanayofundishwa katika shahada ya kwanza, na sababu zinazoifanya iwahusu watu wa Masisi na Walikale, ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa mbali nayo.

2. Neno na maana yake

Katika Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Kongo, kuna maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti. La kwanza ni dessin, yaani mchoro au uchoraji. La pili ni design, lililokopwa kutoka Kiingereza. Yote mawili yanarejea kwenye asili moja ya Kilatini, designare, yaani kutia alama au kuainisha. Zamani Kifaransa chenyewe kilikuwa na neno moja lililobeba maana ya mchoro na maana ya kusudi; baadaye tahajia ikazitenganisha, dessin ikabaki kuwa mchoro na dessein ikawa kusudi. Katika Kiswahili cha Kivu, dessin imezoeleka tangu shule ya msingi kama jina la somo la kuchora. Kwa hiyo sikio linapoletewa design, hupokea dessin. Na ile nusu ya pili ya maana, yaani kusudi, hupotea njiani.

Kiswahili nacho kina maneno kadhaa yanayoweza kupendekezwa. Ubunifu ni uwezo wa akili kuzua jambo jipya. Hiyo ni sifa ya mtu, wala si jina la taaluma. Ufundi ni ustadi wa mkono katika kutengeneza. Neno linalofaa zaidi ni usanifu, ambalo tayari limekubalika katika usanifu wa majengo.

Wanafunzi wa lugha wanalijua neno hili kwa njia nyingine, kupitia Kiswahili sanifu. Ulinganisho huo una mafunzo. Kiswahili sanifu kilitokana na uamuzi: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikashika kazi ya tahajia, sarufi na kamusi. Kiswahili cha Kivu, kwa upande wake, hakikukaliwa kikao; kilifinyangwa sokoni, njiani, migodini na makanisani na wale waliokihitaji. Usanifu, basi, ni uamuzi unaotangulia matumizi. Uamuzi huo waweza kuwa mwema au mbaya, na mara nyingi tofauti hutegemea iwapo watumiaji wameulizwa.

Kwa msingi huo, usanifu waweza kufafanuliwa hivi: ni taaluma ya kuamua umbo, maada, vipimo na namna ya kutumika kwa kitu kabla hakijatengenezwa, kwa kumzingatia atakayekitumia, mahali atakapokitumia na gharama atakayoimudu. Mchoro ni lugha ya uamuzi huo. Si uamuzi wenyewe.

3. Tatizo moja, majibu mawili

Fasili hiyo haina budi kupimwa kwa mifano. Masisi na Walikale ni wilaya zinazopakana, nazo zinatoa mifano miwili inayohusu tatizo moja: jinsi ya kuchukua mzigo pasipo gari.

Masisi ni nchi ya milima, malisho na mashamba. Sehemu kubwa ya mazao yake hushuka kupitia Sake kwenda Goma. Katika barabara za upande huo, kama zile za Nyiragongo na Rutshuru, huonekana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba makaa, viazi, kabichi au mbao zenye uzito wa mamia ya kilo. Kila sehemu yake ni jibu la swali. Mti wa mkaratusi hutumiwa kwa kuwa unapatikana vilimani na unavumilia uzito. Magurudumu ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu barabara imejaa mawe ya volkano. Ubao mrefu wa katikati huweka mzigo chini, ili chombo kisipinduke kwenye mteremko. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao, na kwa mguu mwingine akasukuma ardhi. Hakuna injini, wala mafuta. Mjini Goma chukudu imejengewa sanamu katikati ya njia panda.

Ukivuka kuingia Walikale, mambo hubadilika. Hapa ni msitu mnene, mvua nyingi, mito na vijia vya matope vinavyokatwa na magogo. Gurudumu la mbao halina nafasi. Jibu la huku ni kitunga kinachobebwa mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Uzito hushuka kupitia shingo na uti wa mgongo, na mikono hubaki huru kushika fimbo, tawi au mtoto. Katika miaka ya 2000, mawe ya bati yalipoanza kuchimbwa huko Bisie, wapagazi waliyabeba mgongoni kwa mwendo wa makumi ya kilomita ndani ya msitu, katika magunia ya kiasi cha kilo 50, kabla ya kuyafikisha barabarani. Mwili wa mtu ndio uliokuwa gari.

Anayetazama juujuu ataona kwamba Masisi imeendelea kwa kuwa na gurudumu na Walikale imebaki nyuma. Msanifu ataona maumbo mawili yaliyozaliwa na ardhi mbili. Kuliona jambo hilo ni somo la kwanza la fani yenyewe, na kijana wa sehemu hizi hulifika chuoni akiwa tayari ameliishi.

Pamoja na hayo, maarifa ya fundi yana mpaka. Yamo mkononi mwake. Akipata kasoro katika chombo kimoja, hurekebisha hicho kimoja. Akihama au akifariki, maarifa huondoka naye. Tena fundi hana nafasi ya kujiuliza kwa utaratibu ni kwa nini goti la mwendeshaji huumia au shingo ya mwanamke huchoka kabla ya wakati. Hapo ndipo chuo kikuu kinapokuwa na la kuongeza.

4. Jinsi fani ilivyoingia vyuoni

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, mafunzo haya yalianza chini ya kivuli cha sanaa. Huko Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Shule yenye jina lake leo huunganisha sanaa za viwanda na sanaa za urembo, nayo imo katika koleji moja na uhandisi. Huko Kongo, Mtawa Marc Wallenda alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na mwaka 1957 ikapewa jina la Académie des Beaux-Arts. Pamoja na uchoraji na uchongaji, humo yaliingia matawi ya ufinyanzi, ufuaji wa metali, usanifu wa ndani ya majengo na mawasiliano ya picha. Nairobi nayo ilianza kufundisha usanifu kama taaluma katika miaka ya 1960. Miongoni mwa walimu wake wa awali alikuwa Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 1967.

Mfano wenye mafunzo makubwa zaidi unatoka India. Mwaka 1958, Charles na Ray Eames, wasanifu kutoka Marekani, waliiandikia serikali ya nchi hiyo ripoti juu ya mafunzo ya usanifu. Badala ya kusifu mashine za Ulaya, walikitukuza chombo cha kawaida cha kuchukulia maji, lota, kilichoboreshwa na vizazi vingi bila jina la mbunifu mmoja. Walijiuliza maswali yanayoweza kuulizwa juu ya chombo hicho: ujazo, uzito, namna ya kushikwa, kumiminwa na kusafishwa. Mwaka 1961 taasisi ya taifa ya usanifu ikafunguliwa huko Ahmedabad. Waliyoyasema juu ya lota yanaweza kusemwa juu ya chukudu na kitunga, ila kwa sharti kwamba awepo wa kuyasema.

5. Yanayofundishwa

Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo viliingia katika mfumo wa LMD, ambamo lisansi huchukua miaka mitatu na krediti 180, tofauti na mfumo wa zamani wa miaka mitatu ya graduat ikifuatwa na miwili ya lisansi. Kwa kawaida shahada ya kwanza ya usanifu, popote inapotolewa, huenda kwa ngazi.

Mwaka wa kwanza ni wa misingi: kuchora kwa mkono, jiometri, rangi, historia ya vitu na kufahamu maada kama vile mbao, udongo, metali, nyuzi na karatasi. Mwaka wa pili huingiza vipimo vya mwili wa binadamu, mbinu za utafiti, michoro ya kiufundi, kompyuta na hesabu ya gharama. Mwaka wa tatu ni wa mradi: mwanafunzi huchagua tatizo la kweli, huwahoji watumiaji, hupendekeza majibu kadhaa, hutengeneza mfano wa majaribio, huupima, kisha huutetea mbele ya jopo. Moyo wa masomo haya ni karakana, si ukumbi wa mihadhara. Mwanafunzi hutathminiwa kwa kitu alichokileta na kwa sababu alizozitoa.

Chukua mradi juu ya chukudu. Anayedhani kwamba usanifu ni kuchora ataipamba kwa rangi. Mwanafunzi aliyefunzwa atapima pembe ya goti, atahesabu safari zinazofanywa kabla ya gurudumu kupasuka, ataiuliza familia kipuri kinagharimu kiasi gani, na atakataa sehemu yoyote isiyoweza kutengenezwa na fundi wa Sake kwa zana alizonazo.

Kwamba maswali kama hayo si anasa, historia ya Goma inashuhudia. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikusanyika kuizunguka Goma, juu ya mwamba wa volkano. Choo cha shimo, kilichozoeleka kwingineko, hakikuweza kuchimbika kwa urahisi. Kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Vita, wingi wa watu na ukosefu wa maji safi vilichangia, lakini somo kwa msanifu liko wazi: kifaa kilichofikiriwa kwa ardhi nyingine chaweza kukosa maana mahali pengine, na gharama yake ikawa maisha ya watu.

6. Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni umbali. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, wala hakuna barabara ya kuaminika ya kufikia huko. Kampala na Nairobi ziko karibu zaidi, lakini huko hufundishwa kwa Kiingereza. Kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumeukaribisha mlango huo wa pili, ingawa hakujaondoa karo wala tofauti ya lugha.

Kikwazo cha pili ni vita. Tangu mapigano ya M23 yaliporejea mwishoni mwa mwaka 2021, familia nyingi za Masisi zimehama zaidi ya mara moja. Januari 2025 Sake na Goma zilitekwa na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi mwaka huohuo mji wa Walikale nao ulitekwa kwa muda. Mafundi wanapokimbia, zana huachwa nyuma, na wanagenzi hutawanyika.

Kikwazo cha tatu, kinachowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, ni lugha. Mwanafunzi husoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, kisha hana budi kumhoji fundi kwa Kiswahili, Kihunde au Kinyanga. Asipojua fundi anaiitaje kila sehemu ya chukudu, au msukaji anaiitaje kila aina ya fundo la kitunga, atauliza maswali ya kigeni na kupata majibu ya adabu tu. Elimu itapanda kutoka kijijini hadi chuoni, kushuka haitashuka.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usanifu si uchoraji, bali ni taaluma ya uamuzi; kwamba maarifa yake ya awali yamo tayari katika vitu vya Masisi na Walikale; na kwamba shahada huyaongezea maarifa hayo kipimo, kumbukumbu na wajibu wa kutoa sababu.

Kazi iliyo karibu haihitaji fedha nyingi. Idara za Kiswahili zaweza kuwatuma wanafunzi wao kwa mafundi wa chukudu na wasukaji, wakiwemo wale waliohama, kukusanya majina ya sehemu, zana, vitendo na kasoro, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Orodha hiyo itamfaa mwanaisimu kwa kamusi yake na msanifu kwa mradi wake. Ni vema kazi hiyo ianze wakati wazee wanaoyajua majina hayo wangali wanaweza kuulizwa. Na siku mzazi atakapouliza tena kama mwanawe anakwenda kujifunza kuchora, patakuwa na maneno ya kumjibu kwa lugha anayoielewa.