Gari Lililoshushwa na Hesabu ya Pembe za Propela

Mwenye gari anayekata springi, au anayefunga springi fupi ili bodi ikaribie ardhi, kwa kawaida hujiandaa kwa ugumu wa safari na kwa kukwaruza matuta, lakini ni nadra ajiandae kwa mtikisiko unaoanzia chini ya sakafu gari linapofika mwendo wa barabara kuu. Tatizo hilo hupelekwa kwa fundi wa tairi, magurudumu husawazishwa, pengine hata tairi hununuliwa upya, na bado mtikisiko hauondoki, kwa kuwa chanzo chake kimo katika njia ambayo nguvu ya injini hupitia hadi kuyafikia magurudumu.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka kwenye giaboksi na kupita katika propela shafti, yaani bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari, hadi kwenye difu, ambayo ni kasha la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Giaboksi imefungwa kwenye chesisi, ilhali ekseli hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, hivyo shafti hulazimika kujipinda kwenye ncha zake, na kazi hiyo hufanywa na krosi, kipande chenye umbo la msalaba ambacho miguu yake minne huzunguka ndani ya beringi za sindano. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 17, alikichunguza kifaa hicho, na kasoro yake haijabadilika tangu wakati huo: shafti inayosukuma ikizunguka kwa mwendo mmoja, ile inayosukumwa huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko.

Ukubwa wa kasoro hiyo hutegemea pembe. Krosi ikipinda kwa nyuzi 3, mwendo hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.14 tu, lakini ikipinda kwa nyuzi 10 tofauti hufika takriban asilimia 1.5, kwa maana kwamba pembe ikiongezeka mara tatu kasoro huongezeka karibu mara tisa. Dawa iliyobuniwa ni kuweka krosi mbili, moja kwenye kila ncha, na kuzipanga ili pembe zao zilingane, hapo ya nyuma hurekebisha kile kilichoharibiwa na ya mbele. Wala pembe ya sifuri haifai, ingawa wengi huidhania kuwa ndiyo bora, kwa sababu sindano za beringi zisipoviringika huchimba vishimo palepale zilipo na krosi hufa mapema; angalau nusu nyuzi huhitajika.

Kushusha gari huuvuruga mpango huo, ila si kwa kiasi kilekile katika kila gari. Pikapu yenye springi za mabapa, ikishushwa kwa kuwekewa vipande vya chuma vyenye unene ulio sawa kati ya ekseli na springi, huenda isipate shida kubwa, kwa kuwa difu husogea juu bila kugeuza uelekeo wake. Gari ambalo ekseli yake imeshikwa kwa mikono ya chuma ni jambo jingine, maana mikono hiyo huchora tao inapopanda, na mara nyingi pua ya difu huinama au huinuka, zile pembe mbili zikaacha kulingana.

Mfano ulio wazi zaidi ni Chevrolet Impala za miaka ya 1958 hadi 1964, magari yanayopendwa mno na Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika jimbo la California. Mwaka 1958 sheria ya jimbo hilo ilianza kukataza gari ambalo sehemu yake yoyote, mbali na magurudumu, iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu, na mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga katika Corvette yake pampu za mafuta za kuinua na kushusha bodi kwa swichi, ujanja ambao polisi walikuwa na kazi ya kuubaini. Impala ina propela ya vipande viwili inayoshikwa katikati na beringi iliyofungwa kwenye chesisi, hivyo kipande cha mbele hakibadiliki na mabadiliko yote ya kimo huangukia kipande cha nyuma peke yake. Gari linalolala chini na kisha kuinuka sana kwa pampu za aina hiyo huibadilisha pia nafasi kati ya beringi hiyo na difu, kiasi kwamba mafundi wa huko hufunga shafti inayoteleza kwa kurefuka na kufupika, pamoja na mikono ya ekseli inayoweza kurekebishwa urefu.

Fundi mwenye subira anaweza kuibaini propela kabla ya kufungua chochote. Kwa kilomita 100 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde, na kama uwiano wa difu ni 3.4 propela huzunguka mara 47, hivyo krosi zake hutikisa gari karibu mara 94 katika sekunde hiyo. Gurudumu lisilosawazishwa hutetemesha usukani polepole. Krosi zenye pembe mbaya hutoa mngurumo wa chini chini unaosikika zaidi sakafuni na kwenye viti.

Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana propela, ila shafti zao fupi zina jointi ya ndani yenye vigurudumu vitatu vinavyoteleza katika mifereji mitatu. Gari likishushwa kupita kiasi, shafti hupanda kuelekea gurudumuni, na pembe hiyo ikiwa kubwa vigurudumu hukwama na kuachia mara tatu kwa kila mzunguko, gari likayumba kushoto na kulia linapoongezewa mwendo. Mguu ukiondolewa kwenye pedali ya mafuta na kuyumba kukakoma papo hapo ilhali mwendo bado uko juu, cha kukaguliwa ni jointi hiyo pamoja na mpira unaoihifadhia grisi.